Uzito wa Ng'ombe wa Mawe

Mama yangu, ambaye sisi watoto wake tunamwita Mawe kama Wahaya wote wanavyomwita mama, ana simu ndogo ya vitufe anayoitumia kwa mambo mawili tu: misiba na ng'ombe. Asubuhi ile alinipigia nikiwa kazini Bukoba. Sauti yake haikuwa na kilio, kwa hiyo nilijua ni ng'ombe.

"Huyu mnyama anakula," alisema bila salamu. "Anakula kuliko mimi na wewe na mume wa mdogo wako. Lakini sioni chakula kinakokwenda."

"Amekonda?"

"Sijasema amekonda. Nimesema sioni chakula kinakokwenda."

Kitu cha Mawe hakikondi, hakichakai wala hakipungui. Kuta za nyumba yake huko Buganguzi zina nyufa ambazo kinyonga anaweza kuzitumia kama barabara kuu, na yeye husema nyumba inapumua. Nilielewa kwamba ng'ombe alikuwa amekonda sana.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne miezi michache kabla, kwa masomo ya jioni, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na madeni ya mboga sokoni. Tangu nipate cheti kile watu wa nyumbani waliniuliza kila kitu. Mbona redio inakoroma? Mbona mparachichi unaangusha maua? Mbona mjukuu anatembea kwa vidole? Nami nilijibu yote, tena kwa kirefu. Nchi nzima inatutania Wahaya kwa neno letu wenyewe, nshomile, yaani nimesoma, na mimi sikuona sababu ya kuwaangusha wanaotutania. Kuhusu minyoo hasa nilijiamini. Darasani tuliichora. Mnyoo wangu wa tegu ulikuwa na vichwa vilivyopangika vizuri mno hata mwalimu akaniuliza kwa nini una viwili.

"Mawe, hiyo ni minyoo," nilisema. "Nakuja na dawa Jumamosi."

Kabla sijaendelea nieleze ng'ombe huyu alivyofika kwetu, maana hakuwa wetu kabisa. Pale mtaani kuna kikundi cha kina mama. Mtu anapewa mtamba, anamlea, na akizaa ndama jike wa kwanza, ndama huyo anakwenda kwa mama anayefuata kwenye orodha. Baada ya hapo ng'ombe ni wako kwa haki zote. Akizaa dume, halihesabiki, unasubiri tena. Ng'ombe wa Mawe alianza kwa kuzaa dume.

Aliyefuata kwenye orodha alikuwa jirani yetu, mjane ambaye kibanja chake cha migomba kinapakana na chetu. Huyu mama alikuwa amejenga banda lake kabla hata ya zamu yetu. Alipanda mabingobingo ya kulisha ng'ombe, mistari minne, akachonga hori, akamwaga sementi sakafuni, na banda likakaa tupu mpaka kuku wakaanza kutaga ndani ya hori. Sasa ng'ombe wa Mawe alikuwa na mimba ya miezi sita, na jirani alipita kila siku kutazama tumbo. Aliweka mkono ubavuni mwa ng'ombe, akasikiliza kama anayesubiri simu, kisha akaenda shambani. Migomba yake ilikuwa imechoka kwa kukosa samadi, na wajukuu watatu aliokuwa akiwalea walikunywa uji mkavu, usio na maziwa. Alilingoja tumbo lile kwa mwaka wa tatu.

Ijumaa nikaenda duka la dawa za mifugo pale mjini. Lilikuwa na chupa nyingi kuliko wakazi wa Bukoba, zimepangwa kwenye rafu mpaka darini. Muuzaji alikuwa dada mmoja wa miwani, mtulivu.

"Karibu, kaka. Mnyama gani?"

"Ng'ombe. Ana minyoo."

"Minyoo ipi?"

Swali hilo kwenye mtihani halikuwepo.

Alinionea huruma, akanishushia dawa tatu. Ya kwanza ilikuwa dawa nyeupe ya kunywesha, chupa kubwa, bei ndogo, na karatasi yake ilikuwa na picha ya ng'ombe mnene anayeng'aa. Hiyo, alisema, ni ya minyoo ya tumboni. Ya pili ilikuwa ya sindano, inaua minyoo ya tumboni na pia kupe, lakini inataka mtu anayejua kuchoma. Ya tatu ilikuwa kichupa kidogo kama cha manukato, na bei yake ilinifanya nikirudishe kaunta taratibu kwa mikono miwili. Hiyo ni ya minyoo ya ini.

"Wanakaa kwenye ini na kunywa damu," alisema. "Mnyama anawapata kwa kula majani ya bondeni, yale ya kwenye maji yenye konokono. Wako anachungwa bondeni?"

"Hapana. Yuko bandani. Anakatiwa majani ya kupandwa."

Nilisema ukweli kama nilivyoujua.

"Basi huenda si hao. Ana mimba?"

"Miezi sita."

"Vizuri, imeshatulia. Ingekuwa changa nisingekupa hii nyeupe. Uzito wake?"

Nikampigia Mawe, nikaweka simu kwenye sauti kubwa juu ya kaunta. Nyuma yake nilisikia visu na vicheko. Alikuwa na wenzake wakimenya ndizi.

"Mawe, ng'ombe ana kilo ngapi?"

Visu vilinyamaza.

"Mia tano," alisema Mawe.

Dada wa dukani aliinua uso. "Mama, shikamoo. Ni ng'ombe wa aina gani?"

"Marahaba, mwanangu. Chotara. Mkubwa. Mlangoni anapita kwa kujikunja."

"Umempima?"

"Sijampima. Nimemwona."

Yule dada alitazama kikokotoo chake, kisha akanitazama mimi. Alieleza kwamba dawa zote hizi hutolewa kwa uzito. Ya ini, kwa ng'ombe wa kilo mia tano, nitahitaji vichupa viwili, na kumpa pungufu ni kuwazoesha minyoo dawa bila kuwaua. Kwa pesa niliyokuwa nayo ningeweza kununua kichupa kimoja, halafu nirudi Buganguzi kwa miguu, kilomita zote, nikipita Kemondo nikiimba. Dawa nyeupe ya kilo mia tano ilinibakizia nauli na sukari ya Mawe. Nikachukua nyeupe. Sikuwa na mashaka hata kidogo. Picha ya yule ng'ombe mnene ilinishawishi kuliko maelezo yote.

Jumamosi tulimnywesha. Kazi hiyo huelezwa kwenye karatasi kwa sentensi moja. Kwa kweli ilituchukua asubuhi nzima, chupa ya soda, kamba mbili na shati langu. Kikundi chote kilikuja kutazama. Ng'ombe alipiga kelele hivi kwamba nadhani hata wagonjwa wa hospitali ya Rubya waligeuka vitandani. Jirani ndiye aliyeshika kichwa. Alikishika kwa kukikumbatia, shavu lake kwenye shavu la mnyama, akimnong'oneza Kihaya, na dawa ilipokwisha alimfuta midomo kwa kanga yake.

Maziwa yalitakiwa kumwagwa kwa siku zilizoandikwa kwenye karatasi. Mawe aliyamwaga kwenye shina la mgomba mmoja, kila asubuhi na jioni, akisema mgomba ule sasa utazaa jibini. Mwinjilisti wa usharika, aliyechukua lita moja kila asubuhi, aliambiwa ng'ombe yuko likizo.

Wiki tatu baadaye nilirudi nyumbani, na Mawe alinipokea kwa furaha kubwa.

"Njoo umwone! Dawa yako imefanya kazi. Ananenepa kuanzia kidevuni."

Ni kweli, chini ya taya la ng'ombe kulikuwa na mfuko laini ulioning'inia kama wa tajiri wa zamani. Majirani walikuwa wameshausifia. Mzee mmoja wa mtaa wa juu alisema kidevu kile ni cha ng'ombe wa machifu. Nami nikakishika, nikakibonyeza, nikatoa maelezo marefu kuhusu mafuta yanavyohifadhiwa mwilini. Lakini kidole changu kilipoondoka kiliacha shimo, na shimo lile halikujaa upesi. Mbavu nazo zilihesabika toka getini. Jirani alikuwa amesimama mlangoni mwa banda akinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," aliniambia kwa upole, "mimi sikusoma. Lakini asubuhi kidevu hicho hakipo. Jioni, akishainama kula siku nzima, ndiyo kinakuja. Mafuta yanasafiri hivyo?"

Mawe alisema mafuta ya ng'ombe mkubwa yanaweza kusafiri. Jirani hakubishana naye. Alikwenda nyumbani kwake, na kesho yake asubuhi alirudi na afisa mifugo wa kata, ambaye pale wote tunamwita daktari, akiwa amemfuata kwa miguu mpaka ofisini.

Daktari alikuwa kijana mrefu wa maneno machache. Alilivuta chini kope la ng'ombe, akatuonyesha. Ndani kulikuwa kweupe kama karatasi.

"Hana damu. Na huo si unene, ni maji. Amekula majani ya bondeni?"

"Hajawahi," alisema Mawe.

"Hajawahi," nilisema mimi.

Jirani alikuwa akitazama chini. "Amekula," alisema. "Ya sherehe."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kiangazi kilichopita tulimuaga mdogo wangu aliyekuwa anaolewa. Kwetu hata nyumba ikiwa na sementi, mgeni wa heshima hakanyagi sakafu tupu. Yanatandikwa majani, laini, mabichi, yenye harufu ya kijani, na kwa sherehe kubwa yanatandikwa mpaka chini ya turubai. Mawe hakutaka majani ya kawaida. Rweya, ile nyika yetu ya juu, ilikuwa imekauka na kuungua, kwa hiyo alituma watu mpaka bondeni kwenye maji, ambako majani yalikuwa marefu na mororo. Yaliletwa matita ya kutosha kutandika mkoa. Wageni waliyasifu mpaka wakasahau nyama. Na yaliyobaki, rundo kubwa kama nyumba, yalikwenda kwa ng'ombe wiki mbili nzima, maana mabingobingo nayo yalikuwa yamedumaa kwa jua. Mimi mwenyewe nilitandika yale majani kwa mikono yangu. Dukani nilipoulizwa kuhusu bonde, sherehe haikunijia akilini kabisa.

"Ni mimi," jirani alisema. "Nilibeba matita mengi kuliko wote. Na ni mimi niliyemwambia, munywani, rafiki yangu, usiyatupe, mpe ng'ombe."

"Mimi ndiye niliyempa," alisema Mawe.

"Mimi nilisema."

"Wewe ulisema, mimi nina mikono."

Daktari aliwaacha wamalize. Kisha akaeleza: dawa nyeupe niliyomwambia tumemnywesha ni ya minyoo ya tumboni, haikuwagusa wale wa ini. Bila dawa yao, ng'ombe asiye na damu hawezi kubeba mimba mpaka mwisho. Anaweza kuitupa, au akafa wakati wa kuzaa. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, akiandika kwenye daftari lake. Jirani alikaa chini, pale pale kwenye kizingiti cha banda.

"Vichupa viwili," nilisema. Nilikuwa nimeweka akiba tangu siku ile, na bado ilitosha kimoja. "Mia tano ni viwili."

"Mia tano nini?"

"Kilo."

Daktari alimtazama ng'ombe kwa muda. Aliuliza kama kuna futi ya fundi cherehani. Ilikuwepo. Aliizungusha kifuani mwa ng'ombe, nyuma tu ya miguu ya mbele, akasoma, akafungua ukurasa wa nyuma wa daftari wenye jedwali.

"Mia mbili na themanini."

Palikuwa na watu kama tisa uani wakati huo, wengi wakiwa wamekuja kwa kisingizio cha kuomba moto. Mzee wa mtaa wa juu alikohoa.

"Si ndiye huyu anayejikunja mlangoni?" aliuliza. "Labda ni mlango wa kuku."

"Pima tena," alisema Mawe. "Amevuta pumzi ndani."

Daktari akapima tena. Mia mbili na themanini.

"Futi yako imelegea."

"Ni ya kwako, mama."

Akanigeukia mimi, akauliza dawa nyeupe nilimpa ya kilo ngapi. Nikasema. Akaandika kitu, akapiga mstari chini yake. "Ulimpa ya ng'ombe wawili, pungufu kidogo. Mimba ingekuwa changa, ungekuwa umeitoa wewe mwenyewe." Nikaanza kufagia banda bila kuombwa. Wanaonifahamu wanajua maana yake.

Kwa uzito ule kichupa kimoja kilitosha. Jambo lilikuwa limekwisha, kwa mawazo yangu. Lakini Mawe alikuwa amekunja mikono, na nikaona kwamba haamini. Aliamini kwamba daktari ameona hali yetu, amepunguza kilo kwa huruma ili tumudu dawa. Kwa Mawe huruma ya namna hiyo ni matusi, tena mbele ya watu.

"Mnyama wangu ni mkubwa," alisema polepole. "Nikimpa ya mia mbili na themanini na yeye ni mia tano, minyoo wanabaki. Dada wa dawa alisema hivyo kwenye simu."

Jirani akasimama. "Basi cha pili nanunua mimi. Nina kahawa yangu ndani, naiuza leo hii. Ndama ni wangu."

Kwa desturi ya kikundi, anayemlea ng'ombe ndiye anayebeba gharama zake. Anayesubiri anasubiri tu. Kumpokea pesa anayesubiri ni kukiri kwamba umeshindwa kulea, na jina hilo halifutiki mtaani hata kwa vizazi vitatu. Na kahawa yenyewe ilikuwa ndiyo ada za wale wajukuu. Mawe alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mawe alimtazama jirani. Halafu akamtazama ng'ombe, kwa muda mrefu, kuanzia pembe mpaka mkia, kama vile ndiyo kwanza anashushwa kwenye gari. Akaingia bandani, akachukua futi mkononi mwa daktari, akaizungusha mwenyewe. Hasomi tarakimu vizuri bila miwani, kwa hiyo alishika kwa kidole gumba pale mwisho ulipofika, akatoka nje kwenye mwanga, akaniletea.

"Soma."

Nikasoma. Ilikuwa pale pale.

"Ni mdogo," alisema Mawe. Alilitamka kwa Kiswahili, kwa sauti, ili wote tisa wasikie. "Ng'ombe wangu ni mdogo. Leta kichupa kimoja. Na wewe, waitu, jirani yangu, kahawa yako iache ndani."

Mzee wa mtaa wa juu alifungua mdomo. Mawe akamwambia kwamba kama amekuja kuomba moto, moto uko jikoni, achukue aende. Akachukua, akaenda.

Kichupa nilikinunua Jumatatu kwa dada yule yule, ambaye aliuliza uzito na safari hii akanisikiliza bila kuinua uso. Daktari alimpa ng'ombe dawa mwenyewe. Alisema tuache kumkamua, apumzike mpaka azae. Kidevu kilianza kunywea taratibu. Kope zilichukua muda mrefu zaidi. Jirani alikuwa akizivuta kila asubuhi kutazama, na kunitumia taarifa kwa simu ya Mawe: bado nyeupe, bado nyeupe, leo kama nyeupe yenye chai. Majani ya bondeni hayakuingia tena katika lile banda. Jirani aliyakata mabingobingo yake mwenyewe, mistari minne aliyomwekea ndama asiyekuwepo, akawa anambebea mama wa ndama huyo kila siku, na Mawe aliyapokea. Majani hayakuwa pesa, walikubaliana, ingawa sikuwasikia wakilizungumza.

Ng'ombe alizaa saa nne asubuhi, Mawe akiwa kanisani na jirani akiwa bandani. Jirani alinipigia kwa simu ya Mawe, nikadhani ni msiba, maana ilikuwa ni kilio. Alikuwa ndama jike, mwembamba, mwenye miguu mirefu na doa jeupe pajani.

Alikaa kwa mama yake mpaka akaacha kunyonya, kama kikundi kinavyotaka. Siku ya kumkabidhi mwenyekiti alisoma majina, wakaweka sahihi na vidole gumba, kisha tukamsindikiza ndama kuvuka mpaka wa vibanja viwili, umbali wa kutupa jiwe uliotuchukua nusu saa kwa sababu alitaka kunusa kila mgomba. Jirani alikuwa ametandika majani sebuleni, ya rweya, akapika ndizi kwa maharage na chai ya maziwa aliyoazima kwa Mawe. Tuliketi, tukangoja mwenye nyumba aje kutukaribisha, maana kwetu mgeni hali kabla mwenyeji hajakaa. Hakuja. Mawe alichungulia dirishani, akarudi, akakaa.

"Kuleni," alisema. "Huyo haji."

Tukala bila mwenyeji. Kutoka bandani tulisikia hori likisuguliwa, na kuku wakilalamika kwa kuhamishwa.